Kule Juu

Watu wa Carrowdeen hawakuliita lile jengo kwa jina lake. Walisema "kule juu", na kila mtu alielewa. Lilikuwa la mawe ya kijivu, ghorofa tatu, lenye madirisha madogo, limekaa kilimani likiutazama mji mzima kama mkwe asiyeridhika. Lilijengwa kuwa Nyumba ya Maskini miaka michache kabla viazi havijaoza mashambani. Njaa ilipoingia, watu waligombania mlango wake huku wakijua kabisa kwamba ndani mume atalazwa huku, mke kule, na watoto watapelekwa upande mwingine. Baadaye wakakaa wanajeshi. Wanajeshi walipoondoka wakaja masista wa kanisa, na kukawa makao ya wazee wasio na watu, pamoja na wasichana waliopata mimba bila ndoa, ambao walifua nguo za wote. Masista nao wakapungua, wakazeeka, wakaondoka. Siku hizi mbele ni makumbusho, na watoto wa shule hupigwa picha wameshika mabakuli ya bati wakijifanya wana njaa. Palipokuwa chumba cha kufulia pana mkahawa wa chai na keki. Nyuma ni wodi ya wazee, imepakwa rangi ya maziwa, ina joto na televisheni. Rangi nzuri sana, lakini watu wa Carrowdeen wakipita hapo bado hugeuza uso.

Delia Gilhooly aligeuza uso kuliko wote. Akitoka kanisani alizunguka njia ndefu ya mtoni, mvua inyeshe isinyeshe, ili asipite chini ya kile kilima. Na kila waliporudi kutoka mazishini, kabla hajavua koti, alimwambia binti yake Noreen neno lile lile.

"Nikizeeka nilaze hata zizini na ng'ombe. Lakini kule juu usinipeleke."

"Ng'ombe watakataa, Mama. Unakoroma."

"Sitanii, Noreen. Apa."

Noreen aliapa, tena si mara moja. Hakuona ajabu yoyote. Bibi yake mzaa baba alikuwa na hofu ile ile, na jirani yao Concepta Tighe alikuwa nayo, na hakuna nyumba mjini ambayo haikuwa na mzee aliyeapa kwamba hatafia kwenye Nyumba ya Maskini. Ilikuwa hofu ya kurithi, kama pua. Noreen alidhani mama yake ameirithi tu kama wengine.

Delia alipotimiza miaka themanini na tano akili yake ikaanza kwenda na kurudi. Asubuhi moja ya barafu akateleza uani akiwapelekea kuku maji, akavunjika nyonga. Alipasuliwa hospitali ya mjini Galway, na mara tu kidonda kilipokauka, hospitali ikataka kitanda chake. Mahali pa kumfundisha kutembea tena palikuwa pamoja tu: wodi ile ya kilimani.

"Kule juu?" Fintan, kaka yake Noreen, alifoka kwenye simu kutoka Dublin. "Umerukwa na akili? Mama alikuomba jambo moja tu!"

"Basi njoo umbebe wewe mpaka chooni."

Fintan akaanza kutaja shughuli zake. Ana mke mwenye pumu na duka la matairi, na ni hodari sana wa kupenda watu kwa simu.

"Ni wiki chache tu," Noreen akasema, sauti imelainika. "Akiweza kusimama namrudisha nyumbani. Atafia kitandani kwake, Fintan. Nimeapa."

Akamwingiza mama yake kwa mlango wa nyuma, akamdanganya kwamba ni hospitali mpya. Siku ile Noreen alingoja Delia apige kelele, amlaani, amtemee mate. Delia alitazama dari, akatazama korido, akakunja mikono juu ya shuka na kutulia. Alikula vizuri. Alilala vizuri. Noreen alishusha pumzi, akafurahi, na baadaye aliionea haya furaha ile.

"Mama yako hana shida kabisa," Jincy akamwambia. Jincy alikuwa muuguzi kutoka Kerala, mwanamke mfupi mcheshi aliyewaita wagonjwa wote wapenzi wake. "Ila jua likitoka nikitaka kumpeleka uani, anashika kitanda kama nataka kumwibia. Ndani anakubali kwenda popote. Nje hataki."

"Ni mkaidi tu huyo. Usimjali."

Jumapili moja Noreen alimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi mkahawani, kwa kupitia ndani. Delia akaangalia ndoano za chuma za kuanikia nguo zilizobaki darini kama mapambo. Kisha akavuta vitambaa vya meza, akaanza kuvikunja: mara mbili, mara tatu, anavipiga pasi kwa kiganja, anavipanga pembe kwa pembe. Alimaliza vya meza yao, akahamia meza ya jirani.

"Mungu wangu, tukuajiri, bibi?" msichana wa mkahawa akacheka. "Kijana wetu wa jikoni hata kukunja mikono hajui."

Noreen naye akacheka. Delia hakucheka.

"Shika kazi, mtoto," akamnong'oneza msichana. "Sista akikukuta umesimama bure utakiona."

Noreen akadhani akili imetoka kidogo na itarudi. Akamfuta mama yake makombo, akamrudisha kitandani.

Machi ilipoingia Delia aliweza kusimama. Noreen alihamishia kitanda sebuleni karibu na moto, akatandika shuka zilizoanikwa kwenye upepo. Concepta Tighe alioka mkate wa magadi soda na kuapa kwamba atakuja kila siku kumpa Delia umbea. Asubuhi ya kuondoka Jincy alimvalisha mgonjwa koti lake la kanisani, na Noreen akamshika mkono hadi mlango wa mbele, maana gari la kukodi lilikuwa limesimama huko.

Kizingitini Delia akasimama. Akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Siendi."

"Mama, tunakwenda nyumbani. Kuku wanakungoja."

"Siendi bila mtoto."

"Mtoto gani?"

Delia akamtazama, na macho yake yalikuwa safi. Hapakuwa na ukungu ndani yake hata kidogo. Noreen alilikumbuka hilo mpaka mwisho, kwa sababu alitamani sana ukungu uwepo.

"Ultan. Una kaka humu ndani, Noreen. Ni mkubwa kwenu wote. Alikuwa ameanza kutembea, anashikilia ukuta huu. Sista aliniambia nitoke nikaanike mashuka, upepo ni mzuri. Nikatoka kwa mlango huu. Niliporudi kitanda chake kilikuwa kimeshatandikwa." Akavuta pumzi. "Waliniambia amepata watu wema. Sikuambiwa ni kina nani. Baba yenu alinioa hajui. Fintan asijue, unanisikia? Hiyo ni aibu yangu, si yenu."

"Si aibu, Mama. Haikuwa aibu kamwe."

"Ndiyo maana nilikuomba usinilete. Nilijua nikiingia tena sitaweza kumwacha mara ya pili."

Miaka yote ile Noreen aliapa bila kujua anaapa nini. Jincy alikuwa ameshageuka kuangalia ukuta, anafuta macho kwa mkono wa sare yake. Dereva wa gari akapiga honi kidogo, kwa adabu. Mikono ya Delia haikuwa na nguvu. Watu wawili wangeweza kuibandua pale mlangoni kwa dakika moja na kumfikisha nyumbani kwenye kitanda chake, na ahadi ingetimia.

"Mwambie dereva aende zake," Noreen akamwambia Jincy. "Mama anabaki."

Delia alibaki, akaishi mpaka majani mapya yalipotoka. Mara kwa mara aliuliza, "Amelala?" na Noreen alijibu, "Amelala, Mama," na mzee alifumba macho, ametosheka. Alikufa hivyo hivyo mchana mmoja, kwenye wodi ya nyuma, mkono wake mkononi mwa bintiye.

Wakamleta nyumbani ndani ya jeneza kwa mkesha, kama desturi. Saa ya ukutani ilisimamishwa, kioo kikafunikwa, jikoni kukajaa sandwichi. Concepta Tighe alikuja na keki, akamwambia Noreen mbele za watu, "Masikini Delia. Kule juu, baada ya yote yale," kisha akageukia birika. Fintan hakuzungusha maneno. Alisimama upande wa pili wa jeneza, macho mekundu, akasema chumba kizima kikasikia, "Jambo moja tu, Noreen. Jambo moja tu alikuomba."

Ulimi wa Noreen ulikuwa tayari. Maneno matatu tu yangemtosha Fintan.

"Najua," akasema. "Unisamehe."

Mlango ukafunguliwa na mji ukaanza kuingia kwa mstari, kila mmoja amshike Noreen mkono na kusema pole kwa msiba, kama wafanyavyo kwa kila maiti. Walikuja watu wa parokia, watu wa soko la ng'ombe, na wengine kutoka vijiji vya mbali ambao Noreen hakuwahi kuwaona, maana mazishini hakuna anayeulizwa katoka wapi. Akajikuta, kila ikifika zamu ya mwanamume wa makamo ya kuwa mkubwa wake kidogo, hauachii mkono. Alitazama masikio. Alitazama kidevu, na pale nyusi zinapokutana.

"Pole kwa msiba," akasema mmoja, mrefu, mwenye mvi, mgeni kabisa, ana kidevu kilichogawanyika katikati kama cha Delia.

Noreen akaukaza mkono wake. "Ulimfahamu mama yangu?"

"Nilikuwa nikimletea makaa, bibie. Zamani. Hakukosa kunipa chai."

"Ahsante kwa kuja," Noreen akasema, akamwachia taratibu, na mkono mwingine ukanyooshwa mbele yake.