Dawa ya Shavuni

Nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja tu, na mlango wenyewe ulikuwa sebuleni. Ukitoka chumbani na mzigo, uwe ndoo au maiti, sharti uwapite waliokaa kwenye makochi. Siku hiyo waliokaa walikuwa wakwe.

Fundi, binti mkubwa wa nyumba, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya cherehani yake, alikuwa ameketishwa kutazamana na mama mkwe mtarajiwa. Nyuma ya ukuta, chumbani, alikuwamo mdogo wake wa miaka sita. Walimwita Bosi kwa sababu aliwaamrisha hata watu wazima. Bosi alikuwa na kifafa. Wageni hawakujua, na shangazi alikuwa ameapa hawatajua.

"Anayeuza mbuzi haanzi kwa kuonyesha kidonda," shangazi alisema asubuhi, huku akiishusha dawa ya mtoto kutoka juu ya kabati la sebuleni na kuitia mkobani mwake.

"Kwa hiyo mimi ndiye mbuzi, shangazi?"

"Wewe olewa kwanza. Ukishaolewa tutakutafutia mnyama mwenye heshima."

Fundi alicheka. Hakubisha, maana shangazi ndiye angekaa na mtoto, na dawa aliijua. Fundi mwenyewe alimfundisha, kama nesi wa kliniki alivyomfundisha yeye: akianza kutukutika mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika tano hajatulia, chukua bomba lisilo na sindano, penyeza ncha kati ya shavu na ufizi, sukuma dawa taratibu. Isipomtuliza, mbio hospitali. "Dawa hii haingoji mtu," nesi alisema.

Mama mkwe alikuwa akisifia mapazia, akiuliza ni nani kayashona, ukuta ulipoanza kugongwa. Pigo, pigo, pigo. Fundi alizijua mbao za kitanda kile.

"Kuna nini huko?"

"Paka," mama yake Fundi akadakia. Akainuka, akaingia chumbani, akatoka akitabasamu. Alipokaa alimwitikia Fundi kwa kichwa kidogo, na Fundi akaelewa kwamba dawa imeshatolewa. Mara redio ikafunguliwa kule ndani kwa sauti kubwa, mtangazaji akipiga kelele za goli.

"Na paka wenu mshabiki!" mama mkwe akasema.

Sebule nzima ikaangua kicheko. Fundi naye akacheka.

Saa ya ukutani ilikuwa juu kidogo ya kichwa cha mgeni, na dakika ishirini zilikuwa zimeshapita. Chini ya kelele za redio, kitanda hakikunyamaza. Dawa ilipaswa kuwa imeshafanya kazi. Fundi akainuka nusu.

"Kaa, mwanangu," mama akasema kwa upole. "Wageni wanazungumza."

Akakaa. Alikuwa mtoto wa adabu, wote walisema hivyo. Wahenga walituachia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutuachia neno kuhusu yule anayefichwa.

Mapigo yalipolegea, redio ikapumua kidogo kati ya tangazo na tangazo, Fundi akasikia mkoromo. Hapo adabu ikamtoka.

Shangazi alikuwa kitandani, ameikumbatia miguu ya mtoto isigonge ukuta, machozi yanamtiririka. Mkoba ulikuwa kando yake, umefungwa.

"Hukumpa?"

"Nikimpa asitulie, tutampitisha wapi?" shangazi alinong'ona. "Siku zote kifafa huisha chenyewe, Fundi. Huisha chenyewe!"

Midomo ya Bosi ilikuwa imegeuka rangi. Fundi alipenyeza ncha ya bomba shavuni, akasukuma, akangoja. Mwili ukaendelea kutukutika. Akambeba mtoto, akapita naye katikati ya makochi.

Mama mkwe ndiye wa kwanza kusimama. "Mungu wangu! Gari letu liko nje, mwanangu, twende!"

Hospitali, daktari aliuliza huku akitafuta mshipa, "Alikaa muda gani kabla ya kupewa dawa?"

"Hatukuchelewa," mama akasema. "Dakika tano, kama tulivyoelekezwa."

"Nusu saa na ushee, daktari," Fundi akasema. "Nilikuwa naitazama saa."

Mama alimgeukia kama aliyepigwa kofi. Daktari hakumkaripia mtu. Alibadilisha tu dawa aliyomwagiza nesi, akaanza kuharakisha.

Kifafa kilikata jioni. Bosi alifumbua macho kesho yake, lakini upande wake wa kulia ulikuwa umelala, na maneno hayakuja. Daktari alisema huenda vikarudi, huenda visirudi. Wangeanza mazoezi na kuona.

Siku ya tatu shangazi aliingia wodini na habari, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza.

"Wakwe wamepiga simu. Wanasema hawana neno kabisa! Yule mama anasema hata kwao angekuwapo mgonjwa wasingeona haya. Wanauliza waje lini."

Mama akafunika uso kwa viganja.

"Fundi, si unasikia? Hawakujali hata kidogo!"

"Nimesikia, shangazi."

"Basi tuwajibu nini?"

Fundi aliinama kitandani. Alikuwa amekilaza kidole chake katika kiganja cha kulia cha mdogo wake.

"Bana, Bosi," alisema. "Bana kidogo tu. Haya, tena."