Nati Nyuma ya Kifuniko

Kila mwenye tingatinga mjini kwetu anamwita mume wangu Mzee Sikio, na jina hilo hakulipata bure. Kwenye gereji yetu, habu ya gurudumu, kile kitovu chenye gia, haitoki mpaka yeye aisikilize. Mtu mmoja anaizungusha kwa nondo, yeye anaegemeza ncha ya bisibisi kwenye ekseli, mpini anauweka sikioni na kufumba macho. Gia zikienda vizuri anasema, "Imeitika." Asiposema tunafungua upya, hata kama mwenye mashine amekaa nje amenuna. Mimi ndiye ninayefungua na kufunga. Mikono yangu, sikio lake, ndivyo tulivyolea watoto.

Sasa wewe niambie, utajuaje kwamba mume hasikii, na tangu akuoe hajawahi kukusikiliza? Bomba la jikoni nimelilalamikia mpaka likaota kutu, yeye anajibu "ehee" na kugeuza ubavu. Kwa hiyo nilichelewa kushtuka. Redio ilianza kuvuma kama ya baa. Binti yetu wa mwisho aligonga geti mpaka jirani akatoka, na baba yake amekaa kibarazani pale pale. Kitu kimoja ndicho kilichonipoteza kabisa: siku hizi nikiongea alikuwa ananitazama usoni, hapepesi macho, mpaka nimalize. Nikasema mapenzi ya uzeeni hayo yamebisha hodi, nikaanza na kupaka wanja.

Nilimuuliza kama masikio yako sawa. Akasema watoto wa siku hizi wanaongea kama wana ubwabwa mdomoni. Nilipouliza tena akageuka kutafuta spana. Nikabaki na hofu yangu. Tingatinga la machimboni linashuka mteremko ndoo imejaa mawe, na habu iliyofungwa vibaya ikikwama pale, dereva hana pa kukimbilia. Nisingeweza kumwachia mtu roho mkononi kwa sababu ya aibu ya mume wangu. Lakini kumwambia Mzee Sikio aweke bisibisi chini, hilo nalo nililiwaza nikalia jikoni peke yangu.

Ndipo likaja tingatinga la kupakia kokoto, habu ya mbele inavuja oili, beringi zimelika. Dereva wake, mtu mnene mwenye ucheshi, aliomba kukaa nasi mpaka liishe. Tuliosha kila kipande kwa dizeli. Beringi mpya nilizichovya kwenye oili ya moto ili zipanuke, zikateremka mahali pake kwa upole. Nikazungusha kamba kwenye habu, nikaivuta kwa mizani ya springi kuona inakaza kiasi gani, nikapunguza pete moja nyembamba, nikavuta tena mpaka ikakubali. Sili za chuma zinazozuia oili nikazipangusa kwa kitambaa kisicho na nyuzi. Halafu gia ya katikati, na zile tatu ndogo zinazoizunguka zikikimbia ndani ya pete kubwa yenye meno. Naipenda kazi hii, sifichi. Gia zikishikana vizuri nafurahi kama mtu aliyefika nyumbani akakuta kumefagiliwa.

Kilichobaki ni kifuniko. Mume wangu alikuwa nje anaosha mikono. Nikachukua nati ndogo, nikaifunga kwa uzi mwekundu ndani ya kifuniko, mfupi kiasi kwamba isingeweza kufikia gia hata ikitaka. Kifuniko huzunguka pamoja na habu, kwa hiyo ingekigonga kila mzunguko, nami ningejua kama anasikia, basi. Nikakaza bolti na kumwita, nikajitia hamnazo.

Dereva akashika nondo akazungusha. Tik. Tik. Hata yeye aliisikia, akanitazama, nikaweka kidole mdomoni mwangu anyamaze. Mume wangu aliweka mpini sikioni na kufumba macho. Tik. Uso wake haukucheza. Tik. Nikainama kuokota kitambaa ambacho hakikuanguka, maana sikutaka kumwona akisema imeitika.

Hakusema. Nilipochungulia nikamkuta anaangalia huku na huku, kama mtoto anayetaka kudokoa sukari. Kisha akauhamisha mpini kutoka sikioni, akauuma kwa meno. Akafumba macho tena, akatulia. Dereva alizungusha mpaka jasho likamtoka.

"Kuna kitu kidogo kinaning'inia nyuma ya kifuniko," mume wangu alisema alipoutoa mpini mdomoni. "Gia hakizigusi. Aliyekiweka anaijua kazi."

Akafungua bolti mwenyewe. Alipouona uzi aliutambua, ndio niliomshonea ovaroli lake. Akaishika ile nati kiganjani.

"Ungeniuliza tu, Mama Watoto."

"Nilikuuliza. Hukusikia."

Dereva ndiye aliyeangua kicheko kwanza, na mume wangu akafuata mpaka akakaa juu ya tairi. Hapo ndipo alipotoa la moyoni. Sikio la kushoto limezima siku nyingi, la kulia linasuasua. Mpini huuweka sikioni kwa sababu ya watu, kisha wakigeuka anauuma, na mtikisiko unampanda kwenye mifupa ya kichwa, wazi kuliko zamani. Aliogopa nikijua nitamwonea huruma. Nilimwambia huruma sina, nina hasira, maana ameniacha nilie peke yangu. Kweli nilikuwa na hasira, na nilikuwa na furaha pia.

Tukatoa nati, tukafunga upya. Nikaingiza upepo kidogo ndani ya habu, nikapaka povu la sabuni kila kiungo. Hakuna hata kiputo kilichovimba, na mshale wa geji ya upepo ulikaa pale pale mpaka tukamaliza chai. Mume wangu akaisikiliza tena, safari hii akauma mpini mbele yetu bila kujificha, akasema imeitika. Kisha akaupangusa kwenye ovaroli akanipa mimi. Nikauma. Ulikuwa na ladha ya oili, na ndani ya kichwa changu gia zote zikawa zinazunguka, laini. Miaka yote nilikuwa nazifunga, sikuwahi kuzisikia.

Tukamjazia dereva oili, akaondoka akipiga honi na kupunga mkono, na mume wangu akampungia alipouona mkono wake. Nikaanza kukusanya spana. Kuna jambo lilinikaa rohoni, nikaona bora niliulize siku hiyo hiyo.

"Kumbe kunitazama kote kule nikiongea, ulikuwa unasoma midomo."

Alikuwa ananitazama. Akasubiri nimalize.

"Mwanzoni," akasema.