Stroki ya Jotham

Jumamosi, tarehe 12 Aprili 2025. Asubuhi ilikuwa na baridi ya kuuma masikio, lakini jua lilitoka mapema, na theluji ya mwisho ilikuwa imebaki tu kwenye vivuli vya kuta, nyeusi kwa uchafu wa barabara. Jotham aliondoka kwake Columbia Heights, huko ughaibuni, akiwa ameshasali, ameshakunywa chai, na ameshameza nusu ya kidonge chake cha presha.

Ile nusu nyingine aliirudisha kwenye kichupa. Alikuwa akifanya hivyo tangu Januari, na mkewe Nkatha hakujua. Miadi ya daktari aliikwepa, maana kila miadi ilikuwa na malipo yake na ilimnyima zamu ya ziada kazini. Vidonge vilipokaribia kuisha akaanza kuvikata kwa kisu cha mkate. Alichookoa hapo, pamoja na malipo ya zamu mbili mbili, kilinunua krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa ajili ya gari lake bovu.

Siku za kazi, mchana, Jotham aliwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Jioni mbili kwa wiki alikaa darasani na vijana wa umri wa binti yake Natasha, akijifunza ufundi wa injini. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Shule aliiacha kidato cha pili ili wadogo zake wasome, nao walisoma, akamshukuru Mungu. Lakini moyoni alibaki na njaa ya kujua kitu kimoja mpaka mwisho wake. Kila somo alilianza kwa sala ya kimoyomoyo, hata somo la kupima unene wa gasketi.

Gari lake la kujifunzia lilikuwa Nova ya mwaka 1971, bonneti ndefu, injini imekufa. Mwalimu alikuwa amesema kila mwenye mradi wake auwashe kabla darasa halijafungwa mwishoni mwa Mei. Jotham hakutaka injini ya kununua tayari, wala asingeiweza. Alitaka ile ile ya zamani, iongezwe nguvu kwa njia ya mtu wa kipato kidogo: bloku ile ile, yaani kiwiliwili cha injini, ila ndani yake krankshafti yenye mkono mrefu zaidi, ili pistoni zipande na kushuka mbali zaidi na kuvuta hewa na petroli nyingi zaidi. Safari hiyo ya pistoni, kutoka chini mpaka juu, mafundi huiita stroki.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Ijumaa jioni, baada ya kupima vyuma darasani, Jotham alikuwa na furaha na wasiwasi kwa pamoja, na mtu wa hivyo huomba maombi. Akaandika kwenye kikundi cha simu cha wapendwa wa kanisa lao: "Bwana asifiwe, wapendwa. Tumepima leo. Bloku inaonekana sawa, ila hedi moja ina ufa. Hata hivyo tunaendelea na stroki. Kesho asubuhi naanza. Mnikumbuke katika maombi."

Kisha akazima sauti ya simu, akalala; Nkatha alikuwa zamu ya usiku. Asubuhi simu aliiacha ndani ya koti, na koti akalitundika kwenye gereji ya rafiki yake Timothy, kule Blaine.

Timothy alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno mengi, na gereji yake ilikuwa na nafasi ya magari mawili. Injini ya Jotham ilikuwa imefungwa kwenye stendi yake katikati, tupu, mitungi yake minane wazi. Kwenye kipande cha kadibodi ukutani walikuwa wameandika mpango wote. Krankshafti ya chuma cha kuyeyushwa, si ile ghali ya kufuliwa. Hedi nyingine mbili, vile vifuniko vya juu ya mitungi, kutoka yadi ya magari mabovu. Konrodi za zamani, zile fimbo zinazoshika pistoni, zisafishwe na kupimwa upya. Rangi hakuna, na mapambo ya kung'aa ndiyo kabisa.

"Mzee, hii gari itakimbia ikiwa na kutu," alisema Timothy.

"Kutu haina uzito. Wewe nipe tochi."

"Na chini ya bloku? Mkono mrefu hautagonga?"

"Utagonga. Ndiyo maana tutaparura pale pembeni kidogo, kabla ya kufunga chochote." Jotham aliyasema hayo akiwa ameshalala chali juu ya kadibodi nyingine, chini ya gari, akipima mahali ambapo injini ingekaa. Miguu yake peke yake ndiyo iliyobaki nje.

Akasikia magari yakisimama. Moja, halafu jingine, halafu milango mingi ikifungwa. Timothy akaenda kuchungulia. Kabla hajarudi, mkono ulimshika Jotham kifundo cha mguu, na vidole viwili vikaanza kutafuta kitu kwenye ngozi, juu kidogo ya soksi.

"Timothy, wacha mchezo."

"Anaongea," sauti ya mwanamke ilisema. "Asante Yesu, anaongea."

Alijikokota akatoka. Nkatha alikuwa amepiga magoti kwenye saruji akiwa na sare ya kazi, macho mekundu, vidole vyake bado vimeshika mshipa wa mguu wa mumewe. Nyuma yake alisimama Dada Rahab, nesi mkuu wa wodi, ambaye hata kanisani watu walimsikiliza kama wako kazini. Nyuma ya Rahab alikuwepo Mchungaji Allan, na nyuma ya mchungaji wapendwa wengine watano au sita, mmoja amebeba chupa kubwa ya uji.

"Baba Natasha," alisema Nkatha. "Kwa nini uko chini?"

"Napima. Kwani kuna nini?"

"Usimjibu," Rahab alimwambia Nkatha. "Ndugu Jotham, cheka nione meno. Inua mikono yote miwili. Haya, taja majina yako matatu."

Jotham alicheka, akainua mikono, akataja majina. Hakuelewa kitu, lakini Rahab akisema inua, watu huinua.

"Uso uko sawa," Rahab aliwaambia wenzake. "Sasa, ufa wa kichwa uko wapi?"

"Ufa gani?"

"Wewe ndiye uliyeandika. Hedi ina ufa. Bloku. Stroki. Tumekupigia simu usiku na asubuhi yote. Nkatha ameacha zamu, nyumbani akakukosa. Tumekutafuta hospitali mbili, ndipo akakumbuka gereji hii."

Timothy ndiye aliyeelewa kwanza. Aliegemea ukuta, akashika tumbo kwa kicheko. Hatimaye alinyoosha kidole kwenye injini. "Hedi ni hii," alisema huku machozi yakimtoka. "Bloku ni hii. Stroki ni ya pistoni. Mmekuja kumwombea Nova."

Kisha mwenye chupa ya uji akaanza kucheka, mchungaji akafuata, na gereji nzima ikajaa kicheko. Katika kanisa lile watu saba kati ya kumi walikuwa wauguzi au watunza wazee. Stroki kwao ilikuwa na maana moja tu, nayo ni kiharusi.

Nkatha hakucheka. Alijifuta uso kwa mkono wa sare. "Siku nyingine andika Kiswahili," alisema.

"Nimeandika Kiswahili, Mama Natasha."

"Hicho ni Kiswahili cha makanika."

Rahab alikuwa ameshafungua begi lake. "Mimi sikutoka Woodbury na kipimo cha presha nirudi bila kupima mtu. Kaa hapo."

Jotham aliona kile kitambaa cha kufunga mkono, na kicheko kikamkauka. "Dada, mimi ni mzima. Mmeona wenyewe."

"Mzima haogopi kipimo."

Akaketi juu ya ndoo ya rangi. Kitambaa kikavimba, kikambana, kikalegea. Rahab alitazama namba, akapima tena mkono wa pili. Sasa hakuna aliyekuwa akicheka.

"Mia themanini na sita kwa mia na kumi na mbili," alisema. "Iko juu mno. Kichwa kinauma? Kifua? Macho yanaona vizuri?"

"Hapana. Naona vizuri."

"Dawa unakunywa?"

Jotham aliangalia mikono yake yenye grisi. Alijua namna ya kusema ndiyo bila kusema uongo: kila siku alikunywa kitu. Akaomba kimoyomoyo, si maneno mengi, *Bwana, nisaidie*, na jibu lililotoka halikuwa lile alilolitayarisha.

"Nusu," alisema. "Tangu Januari nakata nusu."

"Kwa nini?" aliuliza Nkatha.

Jotham alitazama benchi la kazi, na Nkatha akayafuata macho yake mpaka kwenye krankshafti iliyofungwa kwenye karatasi yenye mafuta. Aliiendea, akaifunua kidogo, akaiangalia kama mtu anavyoangalia mtoto wa mgeni.

"Kwa hiyo ulikuwa unajenga stroki mbili," alisema. "Ya gari, na yako."

Maneno hayo yaliingia ndani kuliko kipimo. Timothy alivua kofia. "Mzee, mimi sikujua. Ningejua nisingekupa hata tochi."

"Aliyejua ni mimi," alisema Jotham.

Alitegemea Nkatha amwambie auze kila kitu. Badala yake Nkatha alisimama mbele ya mpango wa ukutani, akausoma mstari kwa mstari, akauliza konrodi ni nini, akauliza hedi za yadi zinapimwaje. Jotham alimweleza, kwanza kwa aibu, kisha akajisahau, akaeleza jinsi hewa inavyoingia na moto unavyosukuma, na mkewe alimsikiliza kama hajawahi kumsikia. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na hakuwahi kumfundisha kitu.

"Ni mpango mzuri," alisema Nkatha mwishoni. "Ila umebana matumizi mahali pabaya." Alichukua kalamu, akaandika juu kabisa ya kadibodi: DAKTARI. DAWA. Kisha akafuta tarehe ya Mei, ile ya kuwasha injini.

"Bila zamu za ziada haitawaka Mei," alisema Jotham taratibu. "Darasa litafungwa. Wenzangu watawasha zao."

"Itawaka lini?"

Alipiga hesabu. "Septemba. Labda Oktoba."

"Basi mimi nitakuja kuisikiliza Oktoba. Vyeti vyao wavichukue."

Iliuma, na Jotham aliiacha iume. Kisha, ajabu, akahisi mabega yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo aliokuwa ameusahau.

Rahab alikuwa kwenye simu. "Kliniki wanamwona leo, sasa hivi. Mimi ndiye naendesha. Uji utanywewa njiani."

"Tuombe kwanza," alisema Mchungaji Allan. Walishikana mikono kuizunguka injini, mikono safi na mikono ya grisi, na mchungaji akaomba kwa ajili ya mishipa ya Jotham na, kwa kuwa ilikuwa katikati yao, kwa ajili ya injini pia. Baada ya amina alimgeukia. "Ndugu, ahadi yako useme mwenyewe. Tusikie."

Jotham alimshika Nkatha mkono. Sauti yake ilianza chini, ikapanda.

"Mbele za Mungu, na mbele ya mke wangu, na mbele yenu nyote: kuanzia leo nitakunywa kidonge kizima, Nkatha akiniangalia. Daktari akiniita, nitaenda. Na injini hii haitawashwa mpaka Dada Rahab anipime na kusema presha imetulia."