Birika la Sita

Ambujam aliinjika uji wa mchele kabla jua halijapenya kwenye mianzi, na asubuhi hiyo mikono ilikuwa haimtii. Aliunguza kidole, akamwaga chumvi, na nazi aliyoikuna akaisahau juu ya jiwe mpaka tumbili wakaipitia. Akawatukana tumbili ukoo mzima, akakuna nyingine.

Wanaume wa bondeni walikuwa njiani. Kila mwaka, siku kama hii, humpandisha mungu Rama, sanamu yake, kwa machela kutoka hekalu lake la chini, wamefunga kula tangu jana yake, mpaka kwenye kijito kinachokata msitu. Hapo husimama. Ng'ambo ndiko kwa Sita mkewe, hekalu dogo la mawe lililoota nyasi kwenye nyufa, na Rama havuki asipokaribishwa.

Naye hajawahi kukaribishwa. Ungekuwa wewe ungemkaribisha? Alimwokoa mkewe mikononi mwa Ravana, jitu lililomteka, akampitisha motoni apate kujua kama bado ni safi, na Sita akatoka bila kuungua hata unywele. Kisha dobi mmoja akapayuka huko mjini kwamba mke huyo ana doa, na Rama, mfalme mzima, akamtupa mkewe msituni na mimba ya mapacha. Watoto walipokua akaja tena, akataka uthibitisho wa pili. Sita alikataa. Aliiomba ardhi impokee, ikapasuka, ikampokea palepale lilipojengwa hekalu.

Jibu lake kwa mumewe halisemwi, hubebwa. Mwanamke anayeshika ufunguo wa hekalu huteremka kijitoni na birika la maji mkono mmoja, jani la mgomba na uji mkono wa pili. Akimmiminia miguuni yule anayeuliza kwa niaba ya Rama, basi mume amerudi kwake. Akitandika jani na kupakua uji, aliyekuja ni mgeni: ale, ashukuru, ashike njia. Tangu enzi za bibi wa bibi zao birika limekuwa likibaki limejaa, na maji yake humwagwa kijitoni.

Tena mshika ufunguo sharti awe mke aliyefukuzwa. Ndivyo Ambujam alivyoipata kazi hiyo.

Mzee Kelu, mpiga ngoma, alitangulia kufika, anahema.

"Binti yangu, keti kwanza."

"Uji utashika chini."

"Basi koroga huku unasikia. Mwenyekiti kabadilisha muulizaji mwaka huu."

"Kamweka nani?"

Kelu alikuna shingo. "Mumeo."

Upawa ulisimama chunguni. Kelu akaendelea harakaharaka, kama mtu anayetaka kuutua mzigo. Mwenyekiti Bhaskaran, wa kamati ya hekalu la chini, alikuwa ameshachongesha sanamu mpya, Rama na Sita wameketi kiti kimoja, na alitaka kuileta humu hekaluni kwa Sita. Wageni wanaoletwa na mabasi, alisema, hawapendi kuoneshwa ugomvi wa ndoa. Na Ambujam akirudi kwa mumewe, ufunguo hauna mwenyewe.

"Kasema mke akirudi kwa mume hata miungu wanafurahi."

"Miungu au wenye mabasi?"

"Sikupata nafasi ya kumuuliza. Alikuwa ameshika maiki."

Ambujam hakucheka. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na jambo lililomtia aibu: alitamani kumwona. Alifanya maisha na mtu yule. Mume alipokuwa kibaruani nchi za Ghuba, mama mkwe alimpelekea habari za fundi cherehani anayeleta blauzi nyumbani na kuchelewa kuondoka. Mume akarudi, akamtaka aape mbele ya taa ya ukoo, kiganja juu ya moto. Ambujam akaapa, akaungua, yakaisha. Mwaka uliofuata maneno yakazuka upya, naye akamtaka aape tena. Safari hii alikataa, na shemeji zake wakaliweka sanduku lake barabarani.

Ngoma ilipolia alijifunga sari vizuri, akachukua birika, akachukua jani na chungu, akateremka.

Machela ilikuwa imetuliwa kwenye mawe. Mwenyekiti Bhaskaran alikuwa kando, miguu ameipaka tumbaku kwa hofu ya ruba. Mbele ya wote, pekupeku, alisimama Sukumaran, mumewe. Alikuwa ameota mvi. Kisigino chake cha kushoto kilikuwa na ufa uleule, aliokuwa akimpaka mafuta ya nazi kila jioni wakipiga soga. Ambujam alimhurumia, na si kidogo. Alivuka maji mpaka karibu naye, na mkono wenye birika ukaanza kuinuka.

Muulizaji hutakiwa kusema maneno mawili tu.

"Rudi nyumbani," alisema Sukumaran. Hapo angenyamaza. Lakini alitazama watu nyuma yake, akaongeza kwa sauti ya chini, "Sema tu mbele ya hawa kwamba kwa yule fundi hapakuwa na kitu. Mara moja tu, Ambujam. Watu wafunge midomo, twende zetu."

Ambujam aliliweka birika juu ya jiwe. Akatandika jani la mgomba miguuni pake, akalipangusa kwa kiganja, akapakua uji na chatini ya nazi pembeni.

"Karibu ule, Sukumaran," alisema. "Umetoka mbali."

Wanawake waliokuja kutazama kutoka kichakani waliguna. Kwao mke hamtaji mumewe kwa jina, na katika ndoa yao yote Ambujam hakuwahi kulitamka lile.

"Hapana, hapana," mwenyekiti alikuja mbio. "Dada Ambujam, umekosea mkono. Maji. Mmiminie maji."

"Sijakosea."

"Ametembea mpaka huku kwa ajili yako!"

"Ndiyo maana nampa uji."

Sukumaran alikuwa amekodolea jani macho. "Neno moja, Ambujam. Neno moja linakushinda?"

Ambujam alimfungulia kiganja, kovu likaonekana. "Nilishaapa. Kama hili hulisadiki, mdomo wangu utakusaidia nini?"

Nyuma ya Sukumaran mbebaji mmoja mnene alikwisha keti chini, anakunja jani la mfenesi liwe kijiko. Na wabebaji wakila, jibu limepokewa, hakuna wa kulirudisha.

"Asile mtu!" mwenyekiti alifoka.

"Mwenyekiti, jani limeshatandikwa," alisema yule mnene. "Sisi hatujala tangu jana. Wewe chai umenywa kwangu asubuhi, na mkeo wangu ndiye aliyekukaangia vitumbua."

"Mke wangu, unataka kusema," Kelu alimrekebisha.

"Njaa hiyo, mzee. Nipishe nile."

Watu walicheka, wabebaji wengine wakaketi, na Ambujam akawapakulia mmoja mmoja. Mwenyekiti alimsogelea, sura imemwiva.

"Mwakani ufunguo huo atashika mwingine."

"Mtafuteni," alisema Ambujam. "Sharti awe amefukuzwa tu. Hamtamkosa, si mnawatengeneza wenyewe?"

Sukumaran alikuwa bado amesimama. Mwishowe alichuchumaa, akala vijiko viwili vitatu bila kuinua uso, akashukuru kama mgeni anavyoshukuru. Ambujam aliitikia. Jambo hilo lilimuuma, na hakuficha kwamba lilimuuma. Alifuta machozi kwa pindo la sari mbele ya wote, akainama kuliokota birika.

Kelu aliinua fimbo za ngoma, akingoja maji yamwagwe kijitoni kama desturi. Ambujam akavuka nayo. Alipanda hadi kwenye jiwe la kizingiti, mahali ambapo kila mtu ng'ambo alimwona, akaketi, akapandisha pindo la sari, akajimiminia maji yale miguuni. Aliosha wa kulia, akaosha wa kushoto, akasugua visigino bila haraka mpaka birika likawa tupu. Kisha akafungua mlango, akaingia kwa Sita.