Painti ya Kwanza

Siku hizi mtu mwenye kiu katikati ya jiji la Sheffield hapati baa, anapata maonyesho. Benki ya zamani pale kona imegeuzwa mahali pa kuuzia bia yenye harufu ya aiskrimu, tena kwa vijiglasi vya kumezea dawa ya kikohozi. Kanisa la Wamethodisti, waliopiga kelele dhidi ya pombe kwa miaka mia na zaidi, sasa lina mabomba ishirini ukutani, safi kama chumba cha upasuaji, na vijana wenye ndevu za kupaka mafuta huipiga bia picha kabla ya kuinywa, halafu hawaimalizi. Viti hakuna. Kuna mbao. Ukiuliza mbona hakuna viti, unatazamwa kama mshamba.

Noreen Wragg aliyapita yote hayo kila asubuhi akienda kazini, na kila asubuhi aliyabenulia mdomo. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mabega mapana na goti moja bovu, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameshuka ngazi kumi na nne za ghala la chini la Mnoa Visu kwenda kuyaangalia mapipa yake. Mnoa Visu ndiyo ilikuwa baa ya mwisho mtaani kwake ambayo bia yote ilivutwa kwa pampu za mkono. Pampu zilikuwa nne, zenye mipini ya mbao iliyolika kwa viganja, na mbele ya kila mmoja kibao chenye jina la bia. Bia ikiisha au ikiharibika, Noreen alikigeuza kibao kikatazama nyuma, na mnywaji akajua asiiulizie.

Bia yenyewe ilikuwa hai. Hufika ndani ya pipa ikiwa bado inachacha, hulazwa, hutobolewa, hupumua kupitia kijiti cha mti laini, halafu husubiriwa. Ukiifanyia haraka unapata tope. Ukiichelewesha unapata siki. Ukiipoza kama soda umeiua, na hapo hata ukiitia machungwa yote ya Hispania haifufuki. Kazi hii Noreen hakufundishwa na kitabu. Aliijua kwa pua na kwa sikio, maana pipa lililo tayari lina ukimya wake, na alijivunia kuijua, ingawa neno kujivunia hakulitamka hata siku moja.

Tatizo ni kwamba baa ilikuwa yake kwa mazoea tu. Jengo lilikuwa la kampuni huko London, na kampuni ilimtuma Toby Ransome, kijana wa suruali iliyoishia juu ya vifundo vya miguu, mwenye kikombe cha kahawa ya maziwa ya shayiri ambacho hakukiweka chini hata alipokuwa akisalimia.

"Bi Noreen, mimi sina ubaya na hizi pampu," alisema. "Ni nzuri, zina historia. Tunaweza kuzining'iniza ukutani."

"Ukutani!"

"Kama pambo. Chini yake tunaweka mabomba kumi na sita ya bia ya gesi. Inakuja baridi, haiharibiki, haihitaji mtu wa kuiangalia. Wewe unabonyeza tu."

"Kubonyeza hata paka anaweza."

"Ndiyo raha yake," Ransome alisema, na hakuwa akitania.

Noreen alimwambia kwamba bia yake ina wenyewe, watu waliokuwa wakiinywa kabla yeye Ransome hajaota meno. Ransome akamtazama, akatazama viti vitupu, maana ilikuwa asubuhi, akasema sawa, basi angekuja Alhamisi saa sita mchana, baa ikifunguliwa, akae nusu saa. Akiwaona hao wenyewe wanainywa, pampu zitabaki. Asipowaona, Jumatatu mafundi watakuja na bisibisi zao. Lilikuwa neno la haki, na Noreen alikuwa mwepesi wa kukiri haki hata ikitoka kwa mtu mwenye vifundo vya miguu wazi.

Wenyewe walikuwa wazee kumi na tisa wa Chama cha Kuilinda Bia ya Pipa. Kiongozi wao, Clive Dungworth, alikuwa afisa wa vipimo vya ardhi kabla ya kustaafu, na bado alikuwa na tabia ya kupima. Aliinua kila glasi dhidi ya dirisha, akaifumbia jicho moja, akainusa, akaandika kwenye daftari. Alikuwa na daftari thelathini na nane. Pembeni yake daima aliketi Desmond Marples, dereva wa basi mstaafu, mwenye fulana ya tamasha la bia la miaka ishirini iliyopita, ambayo sasa ilimfikia kitovuni tu. Hawa na wenzao waliweza kukaa saa mbili na nusu kwa glasi moja ya painti, wakiilaani dunia iliyoacha kunywa. Noreen aliwacheka kimoyomoyo, lakini aliwapenda. Walikuwa wake. Kitu kimoja kilichomfurahisha zaidi kwao ni adabu yao pale kaunta: kila mmoja alimsukuma mwenzake mbele kwa upole, "Tangulia wewe, bwana," "Hapana, wewe kwanza," mpaka Harold, muuza nyama wa sokoni, aingie na aproni yake, apige painti moja kwa pumzi tatu na kutoka. Hapo ndipo wazee walipoanza kuagiza. Ustaarabu wa kizamani, Noreen alijiambia, nani anao siku hizi?

Jumapili aliwaeleza habari ya Ransome. Clive alisimama, tumbo mbele.

"Noreen, kipenzi, mimi na chama changu tutakuwa hapa saa sita kasoro dakika tano. Wote! Huyo kijana atajua maana ya mnywaji."

"Mje mnywe lakini, Clive. Si kuja kupiga domo."

"Ebo! Sisi tuje baa tusinywe?"

Wakacheka mpaka Desmond akapaliwa.

Noreen akashuka ghalani na kufanya kazi ya maisha yake. Alichagua mapipa manne, akayalaza mapema, akayatoboa kila moja kwa saa yake, akabadili vijiti, akayatega sikio. Alihesabu siku nyuma na mbele ili yote manne yafike kileleni Alhamisi saa sita, jambo ambalo halifanyiki, kwa sababu mapipa ni kama watoto wa mama mmoja, hayalali kwa wakati mmoja. Safari hii yalilala. Alhamisi saa tano alipanda juu na, kama alivyofanya kila siku ya Mungu kwa miaka thelathini na mmoja, akavuta ile bia iliyolala usiku ndani ya bomba, ambayo huwa imepoa na kuchoka, akaimwaga yote. Halafu akaonja iliyofuata. Akakaa chini kidogo. Bia ya rangi ya dhahabu kutoka Rotherham ilikuwa nzuri kiasi kwamba alitamani marehemu mumewe angekuwepo aionje.

Saa sita kasoro dakika tano wazee wakaja, wote kumi na tisa, wamechana ndevu. Walijaza viti. Ransome alifika saa sita kamili, akakaa kwenye kiti kirefu karibu na mlango na kikombe chake.

"Nikutilie, bwana?" Noreen akamuuliza.

"Ningependa, ila naendesha gari. Mimi nimekuja kutazama tu."

Noreen akafuta kaunta isiyohitaji kufutwa. Akawageukia wake.

"Haya jamani. Nani wa kwanza?"

Wazee wakatazamana.

"Tangulia wewe, Desmond," Clive alisema.

"Hapana, wewe ndiye mwenyekiti."

"Basi Reginald."

"Mimi bado natafakari," Reginald akasema, akavitazama vibao vinne kana kwamba vimeandikwa kwa Kigiriki.

Dakika tano zikapita. Kumi. Desmond alitoa sanduku la karata. Mmoja aliomba krispi. Noreen aliendelea kutabasamu mpaka mashavu yakamuuma, huku akiangalia mlango, na ndipo akatambua kwamba alikuwa akimsubiri Harold.

"Harold yuko wapi leo?" akauliza, kama asiyejali.

"Skegness, ufukweni, na wajukuu," Desmond akajibu kwa huzuni ya kweli. "Amechagua wiki mbaya kweli, yule."

"Kwani Harold ana nini asichokuwa nacho mwingine?"

Clive akakohoa. Akaja mpaka kaunta, akainama na kumnong'oneza, lakini alikuwa mtu ambaye mnong'ono wake husikika mpaka barabarani.

"Kipenzi, usichukulie vibaya. Painti ya kwanza ni ya Harold siku zote. Yule ulimi wake ni wa ngozi, hahisi kitu. Anatusafishia bomba."

Noreen alimtazama. "Kuwasafishia bomba?"

"Ile bia iliyolala usiku. Lazima mtu aivute."

"Naivuta mimi! Naimwaga saa tano kila asubuhi, Clive. Kila asubuhi! Leo nimeimwaga. Miaka thelathini na mmoja naimwaga!"

"Hatukatai, hatukatai," Clive alisema kwa upole, ule upole wa daktari kwa mgonjwa. "Lakini ndivyo wasemavyo wenye baa wote, kipenzi."

Basi huo ndio ulikuwa ustaarabu wao. Mara zote walizosukumana mbele kwa "tangulia wewe" walikuwa wakitafuta panya wa kumwonjesha sumu kwanza, na mwenye sumu alikuwa yeye. Walikuwa wameisifu bia yake kwenye daftari thelathini na nane na hawakumwamini hata kwa painti moja.

Ransome alishuka kwenye kiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sura ya mtu anayetaka kuelewa.

"Samahani, wazee wangu. Dakika ishirini sasa. Mbona hamnywi?"

Noreen alifungua mdomo, lakini Clive hakuwahi kumwachia mtu swali zuri kama hilo.

"Bwana mdogo," alisema, mikono nyuma, "acha nikuelimishe. Hii ni bia hai. Painti ya kwanza ya siku haigusi mtu mwenye akili zake timamu. Ni maji ya kuoshea vyombo. Ni sumu! Muulize yeyote hapa."

Vichwa kumi na vinane vikatikisika kukubali. Vilikubali kwa fahari.

"Na nani huinywa, basi?"

"Mjinga wa kwanza anayeingia," Desmond akasema, na meza nzima ikacheka.

Ransome aliandika maneno machache kwenye simu yake. Alimtazama Noreen kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyomchoma kuliko yote, kwa sababu ilimwona vizuri kuliko walivyomwona wake.

"Nimesikia vya kutosha, Bi Noreen. Pole. Mafundi watakuja Jumatatu." Akatoka, na kengele ya mlango ikalia nyuma yake.

"Kaenda wapi tena? Nusu saa haijaisha," Reginald alisema.

"Vijana hawana subira," Clive akasema. "Ndiyo maana hawawezi bia ya pipa."

Noreen alichukua glasi safi, akaiinamisha chini ya pampu ya bia ya Rotherham na kuuvuta mpini taratibu, mvuto mmoja mrefu, wa pili, na wa tatu mfupi wa kumalizia. Bia ilipanda dhahabu, ikatulia, povu likakaa juu bila kuyumba. Wazee waligeuza shingo, hilo walijua kulitazama. Aliinua glasi akaanza kunywa, amesimama, macho yake kwa Clive, na hakuishusha mpaka ilipokuwa tupu. Ilikuwa bia bora kuliko zote alizowahi kuzitunza. Aliona uchungu mkubwa kwamba hakuna atakayejua, kisha akaona kwamba uchungu huo hautaki tena, alichotaka ni kuwacheka.

Clive alikuwa ameshafika kaunta. Nyuma yake foleni ilikuwa imejipanga yenyewe, wazee kumi na wanane, kila mmoja na kuponi ya chama ya kupunguziwa bei mkononi.

"Haya, sasa bomba limepitishwa," alisema akisugua viganja. "Nipe painti ya hiyo hiyo, kipenzi. Nzima!"

Noreen aliweka glasi yake chini. Akakigeuza kibao cha kwanza kikatazama nyuma. Akageuza cha pili. Akageuza cha tatu na cha nne, bila haraka, akihakikisha kila kimoja kimenyooka.

Clive alivitazama vile vibao vinne vyenye migongo mitupu. Katika maisha yake yote ya kunywa hakuwahi kuona vinne kwa pamoja.

"Noreen. Umefunga baa?"

"Hapana, bwana. Iko wazi mpaka usiku." Alisogea pembeni kwenye sinki, akafungulia bomba la maji, akayaacha yamwagike kidogo, akajaza painti moja mpaka juu na kuisukuma mbele yake. "Karibu. Ya kwanza nimeshaimwaga."