Mpunga Unaoangukia Majini

Profesa Halvorsen alipiga mstari mwekundu chini ya neno "upotevu", kisha akaligeukia darasa kama mtu aliyeshinda kesi.

"Wavunaji wa Ziwa la Mierezi hukaa mtumbwini na kupiga masuke ya mpunga wa mwitu kwa vijiti viwili. Punje nyingi huangukia majini. Mashine ingezichukua karibu zote. Kwa nini hawaitaki?"

"Labda wanaogopa kumaliza kazi mapema," alisema Kyle, na darasa likacheka.

Delphine Beaulieu hakucheka. Ziwa hilo lilikuwa la watu wake, Waojibwe, kabila la wenyeji asilia wa kaskazini mwa Minnesota, Marekani, na shangazi yake Josette alikuwa akivuna humo tangu utotoni.

"Zinazoanguka ndizo mbegu za mwakani, Profesa."

"Hisia nzuri hizo, Delphine. Lakini hapa tunasoma biashara."

Masikio yalimwaka moto. Kwa miaka miwili alikuwa amevumilia viti vile vya darasani akijiandaa kwa kazi ya benki mjini Minneapolis, na elimu yenyewe ilikuwa haioni mbali kuliko msimu mmoja. Tena hili halikuwa zoezi tu. Kampuni iliyotaka kukodi ziwa ndiyo iliyoliomba darasa liiandikie ripoti kuhusu mavuno hayo, na siku ya Alhamisi mjumbe wake angeiwasilisha mbele ya baraza la kabila.

Jumatano Delphine hakwenda popote. Alizichukua kanuni zilezile za hesabu za Halvorsen, akazipitisha katika misimu kumi badala ya mmoja. Kufikia msimu wa nne, mashine ilikuwa ikivuna maji matupu.

Alhamisi alisimama ukumbini, akalionyesha baraza mchoro wa hesabu zake. Mjumbe wa kampuni alitabasamu.

"Binti huyu bado ni mwanafunzi, waheshimiwa."

"Na ripoti yako imeandikwa na wanafunzi," Delphine alimjibu. "Nilikuwamo darasani. Aliyeandika ukurasa wa tano kuhusu uvunaji hajawahi hata kulowa miguu ziwani."

Wazee waliangua kicheko. Mjumbe alinywea. Kura zilipopigwa, hakuna mkono hata mmoja ulioinuka kuikubali kampuni.

Shangazi Josette, ambaye ndiye aliyeliongoza baraza hilo, hakumpongeza.

"Mwakani atakuja mwingine, mwenye tai nzuri kuliko huyu. Tutamjibu kwa kitu gani, kwa bakuli la supu? Nani atatuandikia mpango wetu wenyewe wa kulitunza ziwa na kuuza mpunga wake?"

"Shangazi, nimeshaomba kazi benki."

"Nimesikia. Hiyo benki ina ziwa?"

Delphine alikusanya karatasi zake kwa nguvu hata moja ikachanika. Alimkasirikia profesa, akaikasirikia kampuni, na sasa alimkasirikia shangazi kuliko wote, kwa kuwa alikuwa amesema kweli.

"Nitauandika," alisema hatimaye. "Ila niacheni kwanza nikamalize shahada. Halvorsen bado anayo mengi ninayotaka kumwibia."