Mkimbiaji wa Kwanza

Yasmin alisimama peke yake kwenye mstari wa katikati, barakoa ya kukinga uso mkononi, akiwatazama wenzake wanne wakilinda lango linalolindwa na watano. Mpira ukaingia. Hakuna aliyegeuka kumtazama, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

Jumamosi hiyo ya Juni 2018, wateuzi wa timu ya taifa ya mpira wa magongo walikuwa jukwaani wakitafuta beki mmoja tu. Baba yake, Mzee Naseeb, Mhindi wa Tanga mwenye duka la vitambaa mtaa wa Fordsburg, kusini kabisa mwa bara, alifunga duka aje kumwona. Na duka lile, jamani, hata homa haikuwahi kumfungisha.

Yeye ndiye aliyemfundisha. Miaka sita, kila alasiri, kwenye ujia wa nyuma ya duka, mzee aliusukuma mpira kwa mguu na papo hapo akapiga viganja mara moja. Binti akachomoka kama paka aliyemwagiwa maji. Kwenye kona ya adhabu, mkimbiaji wa kwanza hutoka langoni kuuwahi mpira. Akitoka kabla haujasukumwa, mwamuzi humpeleka katikati ya uwanja, na nafasi yake haijazwi.

Jumamosi ile, kona ilikuja dakika ya mwisho. Uwanja ulikuwa kimya. Mzee, roho juu, akasahau alipo, akapiga viganja. Miguu ya Yasmin haikuuliza kitu. Mpira ulikuwa bado haujaguswa.

Wakati wa kurudi, roboti, yaani taa ya barabarani, iliwaka nyekundu na gari likasimama.

“Ulinisikia?” mzee akauliza.

“Nilisikia nini, Baba?”

Mzee alimtazama mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. “Basi, mwanangu,” akasema.

Orodha ilipotoka, jina la Yasmin halikuwemo. Alilia bafuni, bomba akiliacha wazi asisikike. Alikuwa na hasira na baba yake, na alijichukia kwa kuwa nayo.

Jumatatu mzee akamwita kwenye ujia, kama kawaida yao. Yasmin akashika gongo, akainama, akangoja. Mzee akaweka mikono nyuma, akausukuma mpira.

Ukampita, ukagonga ukuta, ukarudi taratibu mpaka miguuni pa mzee. Yasmin hakuwa amesogea hata hatua.